Mpango wa Safari Uliotoka Kwenye Kompyuta: Jinsi ya Kuhakiki Mafuta Kabla ya Kuruka Kutoka Tanga

Programu za kupanga safari za ndege hazikosei kuzidisha wala kujumlisha. Zikitoa jibu baya, mara nyingi zimelishwa kitu kibaya: kiwanja sicho, upepo wa jana, uzito wa ndege nyingine, au lita mahali pa kilo. Jibu hilo baya hutoka kwenye printa likiwa safi, limepangwa vizuri, kila namba kwenye safu yake. Kuiambia programu irudie hesabu hakusaidii, maana italeta lile lile. Kinachosaidia ni kutafuta namba ambayo haikutoka ndani ya programu, kisha kuziweka mbili hizo pamoja uone kama zinakubaliana.

Mwongozo huu ni kwa ofisa operesheni, rubani kijana na mwanafunzi anayeshughulika na ndege ndogo za abiria kati ya Tanga, Pemba, Unguja na Dar es Salaam. Ndege ya mfano ni Cessna 208B Grand Caravan yenye injini ya PT6A, ambayo wakazi wa pwani hii wameizoea. Mgawanyo wa mafuta unafuata Kiambatisho cha 6 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Kanuni za TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) au kitabu cha uendeshaji cha kampuni yako vikidai zaidi, fuata hicho kinachodai zaidi.

Uwe na vitu hivi mezani: karatasi ya mpango wenyewe, kitabu cha ndege, chati ya njia na rula, kikokotoo cha kawaida, METAR na TAF (taarifa na utabiri wa hali ya hewa) za viwanja vyote, pamoja na mbadala (kile cha kukimbilia ukishindwa kutua unakokwenda), NOTAM (matangazo ya mabadiliko ya viwanja na anga), na kumbukumbu ya mafuta ya safari iliyotangulia. Ukizoea, kazi yote haizidi dakika kumi na tano.

Hatua ya 1: Ndege ni hii? Kiwanja ni hiki? Siku ni ya leo?

Usikimbilie mafuta. Anzia juu ya karatasi, kwenye namba ya usajili. Kampuni yenye Caravan tatu huwa na wasifu tatu ndani ya programu, na hazilingani. Moja ina sanduku la mizigo chini ya tumbo, nyingine haina. Sanduku hilo hukokota hewa na kupunguza mwendo, ndiyo maana kitabu cha ndege kina majedwali yake ya pekee kwa ndege iliyofungwa sanduku. Mtu akipanga kwa wasifu wa ndege isiyo na sanduku, muda unatoka mfupi na mafuta yanatoka machache, bila karatasi kuonyesha dalili yoyote ya kosa.

Kisha vifupisho vya viwanja. Tanga ni HTTG. Tabora ni HTTB. Tofauti ni herufi moja ya mwisho, na kwenye orodha ya programu hukaa karibu karibu. Pemba yetu ni HTPE, lakini kuna Pemba nyingine, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, FQPB. Anayetafuta kiwanja kwa kuandika jina badala ya kifupisho anaweza kubofya ile ya Msumbiji. Bahati nzuri hilo hujitangaza lenyewe: kutoka Tanga hadi Pemba ya kisiwani ni maili za baharini 46 tu, na hadi ile ya Msumbiji ni takriban 480. Lakini likijificha kwenye nafasi ya uwanja mbadala, ambako watu hawatazami sana, laweza kupita.

Halafu saa. Hapa kwetu kuna mtego ambao vitabu vya kigeni haviujui. Karatasi ya mpango hutumia UTC, saa moja ya dunia nzima. Saa ya ukutani ya Afrika Mashariki imetangulia UTC kwa saa tatu. Na watu wanazungumza kwa saa za Kiswahili. Abiria akiambiwa "saa tatu asubuhi", ukutani ni 0900 na kwenye karatasi ni 0600. Mtu mwenye usingizi akasikia "saa tatu" akaandika 0300, ameipanga ndege iondoke saa kumi na mbili alfajiri, kwa utabiri wa hali ya hewa usio wake. Sheria rahisi: ofisini, wakati wowote unaohusu mpango utamkwe na uandikwe kwa UTC peke yake. Saa za Kiswahili ziachwe kwa abiria na kwa chai.

Linganisha pia muda wa kufika na machweo. Tanga jua huzama, kutegemea mwezi, kati ya takriban saa 12:15 na 12:45 jioni, sawa na 1515 hadi 1545 UTC. Mpango unaofika 1510 na hauna nafasi ya kuchelewa hauna uwanja mbadala wa kweli, kama mbadala wenyewe unafungwa jioni. Saa za kufungua na taa za njia zinathibitishwa kwenye kitabu cha taarifa za anga na NOTAM ya siku ile, si kwa mazoea.

Hatua ya 2: Pima njia kwa rula

Umbali wa moja kwa moja kutoka Tanga, kwa maili za baharini, ni huu: Pemba 46, Unguja 69, Mombasa 71, Dar es Salaam 108, Kilimanjaro 156. Uandike ukutani. Karatasi ikikuambia Dar ni maili 112 au 115, ni sawa, njia ina kona. Ikikuambia 140, tafuta kituo gani cha njia (nukta ambayo ndege hupitia) kimeingizwa vibaya kabla hujaendelea.

Kosa la kawaida la mtu anayeingiza vituo kwa mkono ni kusahau kwamba tuko kusini mwa ikweta. Tanga iko nyuzi 5 na dakika 5 Kusini, nyuzi 39 na dakika 4 Mashariki. Andika N ya kaskazini mahali pa S ya kusini, na Tanga yako imehamia kusini mwa Ethiopia, zaidi ya maili 600 kutoka hapa. Kosa kubwa namna hiyo utaliona. La hatari ni lile dogo, dakika 10 za latitudo, ambalo ni maili 10 tu na halimshtui mtu.

Baada ya umbali, tazama uelekeo. Kwenda Dar kutoka Tanga ni karibu kusini kabisa, takriban nyuzi 176. Kwenda Pemba ni mashariki, ukiinama kidogo kusini, takriban 103. Kila mwelekeo kwenye karatasi lazima uingie akilini kabla haujaingia kwenye ndege.

Sababu yake ipo. Tarehe 3 Septemba 1989 Boeing 737-200 ya Varig iliondoka Marabá kwenda Belém, Brazil, safari isiyofika saa moja. Mpango uliochapwa na kompyuta uliandika uelekeo kwa tarakimu nne, 0270, tarakimu ya mwisho ikiwa ya desimali: yaani nyuzi 27.0, kaskazini kidogo mashariki. Kapteni akasoma 270, magharibi, akaseti hivyo. Msaidizi wake akanakili kilichosetiwa upande wa kapteni badala ya kusoma karatasi mwenyewe. Ndege ikaenda juu ya msitu wa Amazoni mpaka mafuta yakaisha usiku, ikaangukia miti. Watu 12 kati ya 54 walikufa. Kompyuta haikukosea hata tarakimu moja; muundo wa uchapaji ulibadilika na wasomaji hawakuuzoea. Ukibadilisha programu au toleo lake, kaa na kila rubani mpaka aweze kusoma kila safu na kukuambia kipimo chake. Na rubani wa pili asome karatasi, asinakili kioo cha mwenzake.

Kuna na upande wa pili wa jambo hilo. Tarehe 28 Novemba 1979 DC-10 ya Air New Zealand iligonga mlima Erebus huko Antaktika, wakafa wote 257. Longitudo na latitudo za kituo cha mwisho zilikuwa zimerekebishwa kwenye kompyuta ya ardhini kabla ya safari, na marubani hawakuambiwa. Kurekebisha kosa kimya kimya kwenye mfumo ni hatari sawa na kuliacha. Ukigusa njia iliyohifadhiwa, andika umegusa nini, lini, na umwambie kila atakayeiruka, kwa mdomo na kwa maandishi.

Hatua ya 3: Upepo

Upepo wa juu unaotumiwa na programu nyingi hutoka vituo viwili vya dunia vya utabiri wa anga, London na Washington, na hutolewa mara nne kwa siku: 00, 06, 12 na 18 UTC. Karatasi huonyesha utabiri umetoka mzunguko gani. Tazama hapo kwanza. Intaneti ikikatika, programu nyingine hutumia upepo uliohifadhiwa, au wastani wa msimu, na huandika hivyo kwa herufi ndogo pembeni.

Kisha tumia unachokijua. Anayeishi Tanga anajua kusi na kaskazi bila kufundishwa. Karatasi ya Julai inayokupa msukumo wa mgongoni kwenda Dar inahitaji maelezo, kwa sababu kusi huvuma kutoka kusini na kwa kawaida hukukabili usoni. Inaweza kuwa kweli, kwani juu upepo hugeuka kuliko ulivyo ufukweni, lakini usiikubali kabla ya kuangalia utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania). Alama nazo zina mtego: baadhi ya programu huandika M kwa upepo wa usoni na P kwa wa mgongoni. M020 ni maili ishirini kwa saa zinazokupunguzia, si zinazokuongezea.

Jaribio la haraka: gawa umbali kwa muda upate mwendo juu ya ardhi, ulinganishe na mwendo wa ndege hewani. Maili 108 kwa dakika 36 ni maili 180 kwa saa. Kwa Caravan inayokwenda 160 hewani, mtu amekupa upepo wa mgongoni wa 20.

Hatua ya 4: Jenga mafuta mwenyewe

Hapa ndipo pa kukaa. Kwa Caravan, kumbuka namba moja: kilo 3 kwa dakika. Ni kilo 180 kwa saa, takriban paundi 400, na imezidishwa kidogo kwa usalama. Kusubiri angani futi 1,500 juu ya kiwanja, chukua kilo 140 kwa saa. Hizi ni za kuhakikia tu. Namba za kuondokea hutoka kwenye kitabu cha ndege yako.

Tanga kwenda Dar, kusi usoni maili 20 kwa saa, mbadala Unguja:

- Kuwasha na kutembea ardhini: kilo 16.
- Safari: maili 108 kwa mwendo wa 140 (160 toa 20) ni dakika 47. Mara 3 ni kilo 141, ongeza 12 za kupanda. Jumla 153.
- Tahadhari: asilimia 5 ya mafuta ya safari, au dakika 5 za kusubiri angani, kubwa kati ya hizo. Asilimia 5 ni kilo 8 tu. Dakika 5 ni kilo 12. Chukua 12. Kwenye safari fupi za pwani dakika 5 hushinda karibu kila mara, na programu iliyosetiwa kwa asilimia peke yake itakupunja kila siku bila wewe kujua.
- Mbadala: Dar hadi Unguja ni takriban maili 40, dakika 15, ongeza 5 za kupanda tena baada ya kushindwa kutua. Dakika 20, kilo 60. Usihesabu msukumo wa kusi hapa.
- Akiba ya mwisho: dakika 30 za kusubiri kwa injini ya tabini, kilo 70. Ndege ya pistoni ni dakika 45.

Jumla: kilo 311. Karatasi ikiwa kati ya 300 na 325, mmekubaliana. Isipokuwa hivyo, usiirudishe kwenye programu bado. Toa moja kwa nyingine, kwa kuwa tofauti yenyewe mara nyingi hutaja kosa. Karatasi inasema 251? Imepungua 60: hakuna mbadala. 241? Akiba ya mwisho imeachwa. 293? Upepo umewekwa sifuri. 278? Upepo wa usoni umegeuzwa wa mgongoni. 686? Hizo ni paundi. Ukifanya hivi kwa wiki moja, utaanza kuyatambua makosa kwa sura.

Juu ya hizo kapteni anaweza kuongeza mafuta yake ya hiari, na ofisi haipaswi kumwuliza kwa sauti ya kukaripia. Wakati wa masika mawingu ya radi hukaa njiani na kuzunguka moja kunakula dakika kumi. Dakika kumi ni kilo 30.

Kosa ambalo programu haiwezi kuliona kabisa ni hili la kwenda na kurudi. Nyingi huhesabu mkondo mmoja mmoja, yaani kuruka mara moja kutoka kiwanja hadi kiwanja. Chukua Dar kwenda Tanga, mbadala Pemba, upepo sifuri: 16, 135, 12, 66 na 70, jumla kilo 299. Kwa mkondo huo karatasi ni halali kabisa. Ndege inatua Tanga ikiwa na takriban kilo 148. Kurudi kunahitaji 311. Kama hakuna mafuta ya kununua Tanga siku hiyo, ndege imelala hapo, au, vibaya zaidi, mtu anaanza kubembeleza namba. Kwa hiyo usipange kana kwamba Tanga ina mafuta mpaka muuzaji amethibitisha aina, kiasi na saa. Bila uthibitisho, ondoka Dar na angalau kilo 16 + 135 + 12 + 311, yaani 474, sawa na lita 600 hivi.

Mafuta hayo ya ziada ni uzito. Caravan 208B ya nguvu za farasi 675 inaruhusiwa paundi 8,750 kuruka na 8,500 kutua. Lita za kurudi zinaweza kumla abiria wawili, na hilo liamuliwe Dar kabla tiketi hazijauzwa, si kwenye maegesho abiria wakiwa wamebeba mikoba. Urefu wa njia ya Tanga, joto na unyevu wa lami viingie kwenye hesabu ya kutua kwa uzito huo.

Hatua ya 5: Kilo, paundi, lita, galoni

Caravan inaonyesha mafuta kwa paundi na galoni. Boza linapima lita. Karatasi nyingi zinaandika kilo. Vipimo vinne kwa ndege moja, na kila kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine ni mlango wa kosa.

Kilo moja ni paundi 2.205. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Kiingereza ni 4.546, isitumike. Lita moja ya Jet A-1 (mafuta ya injini ya tabini) ina uzito wa takriban kilo 0.80 kwenye nyuzi 15 za joto. Kwenye joto la Tanga la nyuzi 30 ni karibu 0.79. Kiwango kinachokubalika ni kati ya 0.775 na 0.840 kwenye nyuzi 15, kwa hiyo chukua namba iliyoandikwa kwenye risiti ya boza. Ukiona mtu anazidisha lita kwa namba kubwa kuliko 1, msimamishe. Lita ya mafuta haizidi kilo moja hata siku moja.

Kosa hilo hasa ndilo lililozima injini zote mbili za Boeing 767 mpya ya Air Canada tarehe 23 Julai 1983. Geji za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi, kwa hiyo walipima kwa vijiti: matangini lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Wakazidisha lita kwa 1.77, ambayo ni paundi kwa lita, wakapata 13,597 wakaziita kilo. Pengo likaonekana 8,703, wakaligawa kwa 1.77 ile ile, wakajaza karibu lita 4,900. Hesabu sahihi ni 7,682 mara 0.803, kilo 6,169, pengo kilo 16,131, lita 20,088. Kisha kompyuta ya ndege ikaambiwa ina kilo 22,300, ikaamini, ikawa inawaonyesha mafuta ya kutosha njia nzima. Ndege iliteleza bila injini hadi kwenye kiwanja cha zamani cha kijeshi huko Gimli, na wote 69 walipona. Kuna jambo moja la kuchukua: hesabu ilikaguliwa, lakini kila aliyekagua alitumia 1.77 ile ile. Mkaguzi wa pili apewe lita na kilo zinazohitajika peke yake, na kigawanyo akitafute mwenyewe.

Hatua ya 6: Kwenye ndege, pamoja na risiti

Sasa toka ofisini. Kabla boza halijaanza kumimina, soma geji uandike. Mfano: zimebaki kilo 210. Boza limemimina lita 300 kwa 0.79, kilo 237. Geji lazima isome karibu 447, ambazo ni paundi 985. Linganisha na namba hiyo tu, na ukomo wa tofauti uliomo kwenye kitabu cha kampuni. Geji ikisema paundi 1,150, mtu akafurahi kwamba mafuta ni mengi, huyo ndiye wa kumwangalia. Ziada isiyo na risiti ni hitilafu kama upungufu ulivyo.

Tarehe 6 Agosti 2005 ATR 72 ya Tuninter iliyotoka Bari kwenda Djerba iliishiwa mafuta ikatua baharini karibu na Palermo, watu 16 kati ya 39 wakafa. Geji ilikuwa imebadilishwa, ikafungwa ya ATR 42: zinafanana sura, lakini matangi ya ndege hizo mbili ni tofauti, hivyo ikaonyesha mafuta mengi kuliko yaliyokuwemo. Programu ya mpango isingeweza kulijua hilo. Kulijua kungetokana na kujumlisha mabaki na risiti.

Mambo machache ya haraka ukiwa hapo. Ndege isimame sawa, isiwe imeinamia upande, la sivyo geji na kijiti vyote vitadanganya. Kwenye Caravan tofauti kati ya bawa na bawa isizidi paundi 200. Soma lebo ya boza: Jet A-1 haina rangi au ni ya manjano hafifu, Avgas 100LL (ya injini za pistoni) ni ya buluu. Chota sampuli kila mahali pa kuchotea na uitazame kwenye mwanga. Maji hutuama chini. Baada ya usiku wa unyevu wa pwani usiiache kazi hii hata ukiwa umechelewa. Na vifuniko vya juu ya mabawa avihakikishe mtu aliyepanda ngazi kwa macho yake.

Hatua ya 7: Fomu ya kuwasilisha

Linganisha sehemu mbili tu za fomu ya ICAO: muda wa safari, na muda ambao ndege inaweza kukaa hewani kwa mafuta iliyo nayo. Wa pili lazima uzidi wa kwanza kwa mbadala, akiba na tahadhari. Kwenye mfano wetu safari ni dakika 47, na mafuta yanatosha zaidi ya saa moja na nusu.

Fomu ya ndege ya abiria LaMia 2933, iliyotoka Santa Cruz kwenda Medellín tarehe 28 Novemba 2016, iliandika saa 4 na dakika 22 kwenye sehemu zote mbili. Ziliandikwa wazi, na kasoro ilionekana kabla ndege haijaondoka. Ndege iliishiwa mafuta ikisubiri zamu ya kutua, wakafa watu 71. Hakuna programu inayohitajika kuona kwamba namba mbili zimefanana.

Hatua ya 8: Angani

Karatasi ikishaondoka na ndege, kazi ni kuandika mafuta halisi kwenye kila kituo cha njia mbele ya yale yaliyopangwa. Kwa Tanga hadi Dar, mara mbili zinatosha. Usiangalie tofauti peke yake, angalia kama inakua. Pungufu ya kilo 10 inayobaki 10 ni upepo au kupanda polepole. Pungufu ya 10 iliyokuwa 25 inaweza kuwa inavuja. Mafuta yakikosekana upande mmoja, usikimbilie kusawazisha: tarehe 24 Agosti 2001 A330 ya Air Transat ilifunguliwa vali ya kuhamishia, mafuta yakaelekea kwenye injini inayovuja yakamwagikia Atlantiki. Walitua Azores bila injini, wote 306 wakapona.

Kumbuka pia kwamba kompyuta ya ndege hutabiri kwa ndege iliyo katika hali yake ya kawaida. A310 ya Hapag-Lloyd iliyotoka Krete kwenda Hanover tarehe 12 Julai 2000 ilishindwa kukunja magurudumu. Kompyuta ikaendelea kutabiri kana kwamba yamekunjwa, na ndege ikaanguka kabla tu ya njia ya Vienna, bila vifo. Kitu chochote kikining'inia, tupa utabiri wa kioo na hesabu kwa matumizi unayoyaona kwa saa.

Maneno kwa waongoza ndege ni mawili na hayabadilishwi. MINIMUM FUEL: umeshafungwa kwenye kiwanja kimoja na ucheleweshaji wowote utakufanya utue chini ya akiba ya mwisho. Hiyo si dharura bado, wala haikupi kipaumbele. MAYDAY MAYDAY MAYDAY FUEL: hesabu yako inaonyesha utatua kwenye kiwanja salama cha karibu ukiwa chini ya akiba ya mwisho. Tarehe 25 Januari 1990 marubani wa ndege ya Avianca 52 waliwaambia waongoza ndege wa New York kwamba mafuta yanakwisha lakini hawakutangaza dharura. Walikufa watu 73. Adabu ya kusema kwa kuzunguka ina mahali pake, ila si kwenye redio. Kwa mfano wetu wa Caravan, mstari ni kilo 70. Uandike kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi kabla ya kuwasha injini.

Hatua ya 9: Baada ya kutua

Andika mafuta yaliyobaki, muda halisi na upepo uliokutana nao, na uweke pamoja na risiti na karatasi ya mpango. Mwisho wa mwezi linganisha safari zote za ndege ile ile. Injini ikichakaa, matumizi hupanda asilimia mbili tatu, na programu ina sehemu ya kuingiza asilimia hiyo kwa kila usajili. Anayeibadilisha aweke tarehe na jina, na aache karatasi ya zamani na mpya zibandikwe ubaoni wiki nzima ili marubani waone ni kilo ngapi zimeongezeka kwenye Tanga–Dar.